Gari la Mwalimu Halikufika Langoni

Nimekosa, na sitamsingizia shetani. Shetani hajui kufunga rejeta. Ni mikono yangu hii na mdomo wangu huu uliomnyima mtu mzima baraka ya mama yake. Nakwambia wewe usiyenijua, kwa sababu wanaonijua siwezi kuwatazama usoni.

Mimi ni fundi wa rejeta, kile chombo cha kupozea maji ya injini, hapa Awendo. Jina langu liache. Nimeziba na kufunga rejeta za matrekta na malori ya miwa mpaka watu wakaniita Daktari. Jina lile liliniingia kichwani, likajenga nyumba huko.

Sasa, kuna mwalimu mstaafu hapa mjini, nami nitamwita Mwalimu tu. Alikuwa na gari dogo jekundu la Kiingereza, gari la mbio la zamani, milango miwili, boneti ndefu, limekaa chini hivi kwamba ukiwa ndani unaona magoti ya watu. Alilinunua ujanani kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Siku hizi kila mwenye pesa anataka gari lililotumika Japani, na vijana walimcheka sana Mwalimu kwa lile gari lake. Hakujali. Gari lile lilikuwa na mlio wake peke yake: linanguruma kwa chini, na ukipunguza mwendo linakohoa mara mbili. Kwao Karungu hata mbuzi walijua nani amefika.

Lakini alikuwa hajafika miaka tisa. Alioa mke wa pili bila kumwambia mama yake, na mama, Nyar Gwassi, akamwambia kwa hasira, "Usikanyage kwangu mpaka nikuite."

Kwetu neno la mzazi namna hiyo si mchezo. Halifutiki mpaka aliyelisema anywe funda la maji, akutemee kifuani, akubariki. Miaka tisa Mwalimu alingoja aitwe. Ukimtajia kwao, alikuwa anabadilisha mazungumzo.

Akaitwa! Barua aliileta mchuuzi wa samaki. Mama amepofuka, yuko kitandani, anakataa kula, anamtaka mwanawe. Ila barua ilikuwa na jambo moja la ajabu. Wanawake wa boma, kwa huruma zao, walikuwa wamemchukua mpwa mmoja, wakamketisha kando ya kitanda ajifanye Mwalimu ili bibi akubali kula uji. Wakamfundisha hata mambo ya utotoni ya kusema. Bibi alimpapasa mikono, akajua amedanganywa, akalia mchana kutwa. Tangu siku ile akasema, "Msiniletee mtu tena. Nikisikia gari lake langoni, hapo ndipo nitajua ni yeye."

Na gari lilikuwa juu ya mawe mwaka wa pili, rejeta imeoza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiziba kwa sabuni na pilipili mpaka ikakataa.

Mwalimu aliandika Nairobi, akapata rejeta kutoka gari la aina ile ile lililokuwa likichinjwa kwa vipuri. Ilikuja juu ya basi, imefungwa kwa gunia. Ilikuwa ya shaba, nzuri, haina kutu. Niliifunga asubuhi moja, na nakuapia, kufunga nilifunga sawasawa. Bolti zilikaa, mipira ya maji ikabana, hakuna tone lililovuja.

Kosa lilikuwa kwenye maji.

Mwalimu alikuja na kitabu cha gari kwapani. "Fundi," akaniambia, "hii gari si kama trekta. Injini yake iko juu kuliko mdomo ya rejeta. Weka jeki, inua pua yake kwanza. Fungua bomba ya hita. Halafu maji unamwaga pole pole na kikombe, unangoja hewa itoke. Hii gari hunywa pole pole."

Kulikuwa na madereva wawili wa miwa wamesimama pale, wanatazama. Nikaona haya kufundishwa kazi mbele yao. Nikacheka.

"Mwalimu, wewe fundisha watoto. Rejeta niachie mimi. Maji ni maji!"

Nikachukua debe, nikamimina mpaka rejeta ikafurika, nikafunga kifuniko. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa matrekta, na matrekta hayajawahi kulalamika. Sikio la kufa halisikii dawa, jamani!

Tukaliwasha. Lo, lile gari liliunguruma mpaka madereva wakapiga makofi! Mwalimu alitoa machozi pale pale. Tukazunguka kidogo mjini, mshale wa joto ukakaa chini kabisa. Nikamwonyesha kwa kidole. "Unaona? Baridi kama maji ya ziwa."

Akaweka mkono kwenye tundu la hita linalopuliza hewa ya moto ndani ya gari. "Mbona hii inapuliza baridi, na injini imepata moto?"

"Hita ni ya Ulaya, Mwalimu. Hapa nani anataka joto?"

Akaondoa mkono. Ni mtu mpole. Angekuwa mkali kidogo tu, huenda leo nisingekuwa naandika haya.

Tuliondoka siku hiyo hiyo. Aliniomba twende pamoja, kama lolote likitokea njiani daktari awepo. Tulipita Migori vizuri, tukaingia barabara ya vumbi. Alikuwa amevaa suti yake ya Kaunda, na kwenye kiti cha nyuma ameweka kikombe kipya cha bati. "Cha maji ya mama," aliniambia. Njia nzima alikuwa akizungumza kama kijana anayekwenda kuposa.

Kabla ya Masara nikasikia harufu. Kisha injini ikagonga, ikagonga tena, ikakwama. Kimya.

Nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Nikageuka kutazama mshale: bado uko chini kabisa! Hapo nikaelewa. Hewa ilikuwa imekwama juu, maji hayakufika kwenye hedi, kichwa cha injini, wala kwenye hita, ndiyo maana ilipuliza baridi, na kile kipima joto kilikuwa kimekaa kwenye hewa tupu, kinatudanganya. Mwalimu alikuwa ameniambia haya yote asubuhi, na kitabu mkononi.

"Ni nini, fundi?"

Nilifungua mdomo niseme. Mungu wangu ni shahidi, nilifungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Ni uzee, Mwalimu. Gari limezeeka."

Akaigusa boneti, akaunguza vidole. "Pole, omera," akaniambia, yaani ndugu yangu. Mimi! Ananipa pole mimi!

Tulijaribu kila kitu. Tulisukuma, tukamwaga maji, tukangoja lipoe. Injini ilikuwa imekufa. Ikapita pikapu ya akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wakatubeba mpaka njia panda, na kutoka pale tukatembea. Mwalimu alikibeba kile kikombe mkononi.

Shemeji yake, Min Akinyi, alitupokea langoni. Akatazama nyuma yetu barabarani. "Gari iko wapi?"

Mwalimu akampita, akaingia ndani.

Ndani, Nyar Gwassi alikuwa mdogo kitandani, mifupa na blanketi. Mwalimu akapiga magoti. "Mama, ni mimi. Nimekuja."

"In ng'a?" bibi akauliza. Wewe ni nani.

Akajitaja jina. Bibi akageuzia uso ukutani. Mwalimu akaanza kumkumbusha: ng'ombe aliyemvunja mguu, wimbo wa kumlaza, jino lililong'oka kwa muwa. Alisema kwa haraka, mwalimu mzima na mvi zake.

"Hata yule mwingine alijua ya ng'ombe," bibi akasema. "Mlimfundisha vizuri. Mnanichezea kwa sababu sioni."

"Mshike mikono, mama," Min Akinyi akamsihi. Bibi akaificha mikono ndani ya blanketi. Ile mara ya kwanza ilikuwa imemtosha.

Mwalimu akanigeukia. "Fundi, mwambie. Mwambie tulikuja na gari."

Nikasogea. Nikasema, "Mama, ni kweli. Mimi ni fundi. Gari tulikuja nalo, limekufa njiani."

Akanigeuzia yale macho yasiyoona. Akawa kama anayetaka kuamini, nakwambia, nililiona lile tumaini! Akauliza, "Lilikuwa na nini?"

Nikasema, "Uzee, mama."

"Hata mimi ni mzee," akasema, "na bado nangoja." Kisha akavuta blanketi juu ya kichwa.

Mwalimu alilala chini pale kando ya kitanda siku mbili, kikombe cha maji kimejaa pembeni. Bibi hakukigusa. Siku ya tatu alikata roho, na kikombe kikabaki kimejaa. Mwalimu alimzika mama yake akiwa bado ni mtu asiyebarikiwa. Kwenye matanga wazee walimketisha mbali na mlango, naye hakubisha.

Nami nilikula ugali wa matanga yale. Nilikula!

Miezi ikapita. Hedi ilitengenezwa Homa Bay na fundi mwingine. Siku moja nikasikia mngurumo nje ya karakana yangu, na kukohoa mara mbili. Mwalimu akashuka, akanisalimu vizuri kama kawaida, akaomba mawe mawili. Akalipandisha gari magurudumu ya mbele juu ya mawe, pua juu. Injini ilipopoa akafungua kifuniko na kumwaga maji yote. Akafungua bomba la hita. Kisha akatoa kile kikombe cha bati, akaanza kumimina, kidogo, anangoja, kidogo, anangoja. Mapovu yakatoka mengi. Hakunitazama hata mara moja.

Alipomaliza akawasha, tukangoja. Akaniita. "Weka mkono hapa."

Nikaweka mkono kwenye tundu la hita. Ilikuwa inapuliza moto.

"Rejeta ni ile ile yako," akasema. "Haina shida. Asante, fundi." Akaondoka kuelekea Karungu. Wanasema alisimama langoni, karibu na kaburi, akaliacha likiunguruma mpaka mafuta yakaisha.

Ananisalimia hadi leo. Heri angenitukana! Sijui nianze wapi kumwomba msamaha, na aliyekuwa na maji ya baraka yuko ardhini.

Basi wewe fundi, wewe dereva, wewe yeyote unayeitwa daktari wa kitu chochote: ukifundishwa mbele ya watu, kubali kufundishwa. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Bibi aliponiuliza gari lilikuwa na nini, kama ningesema, "Mama, mimi ndiye niliyeliua, mwanao alinionya nikakataa," naamini angetoa mikono kwenye blanketi. Waongo huja wakijipendekeza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kujishtaki.