Niliweka Katoni Kwenye Gato ya Arusi ya Jirani Yangu

Jina langu msilitafute. Nakaa Baraka, napika gato, yaani keki, za arusi kwa makaa, na kosa nililolifanya hakuna shetani aliyenisukuma. Ni roho yangu mbaya!

Wateja wenye pesa kidogo nilikuwa nawachukia. Nasema wazi. Wale wachimba dhahabu kutoka migodi ya Misisi hawaulizi bei mara mbili. Lakini hawa wetu wa sokoni! Watakuomba upunguze mpaka uchoke, kisha wanataka gato iwe kama ya tajiri.

Mama Neema ni jirani yangu, anauza ndagala. Nilipopasuliwa, ni yeye aliyelala chini ya kitanda changu hospitalini. Alipokuja kuagiza gato ya arusi ya binti yake, alinipa noti zilizokunjwakunjwa, zinanuka samaki.

"Dada, miye niko na hii tu. Unifanyie etaje tatu: moja ya kwetu, moja ya bakwe, moja ya bakorale. Kama haitoshi, uniambie."

Huku kwetu kila ghorofa ya gato ina mwenyewe. Bibi arusi anapiga magoti, anawakabidhi wakwe yao mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo heshima yao.

Ningemwambia, mama, pesa hii ni ya ghorofa moja, ndogo. Angekubali! Badala yake nikachukua noti zile nikicheka, hasira iko moyoni. Anataka heshima ya bure? Atanijua! Nikapika mbili nyembamba, na juu yake nikaweka katoni ya sabuni, nikaipaka krimu, nikaijaza maua. Nikajua hiyo ya juu watapewa wanakwaya. Waimbe na njaa.

Jamani! Siku ya arusi, Neema, yule binti, alipoona ile ya juu ndiyo nzuri kuliko zote, akaichukua kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake aliyeshuka kutoka Fizi.

Yule mama akaingiza kisu. Kikakwama. Akavuta, krimu ikatoka, katoni ikabaki.

"Muone! Banatupa boksi! Miye niko mbuzi?"

Mama Neema akanigeukia, mimi niko na sahani ya wali mkononi.

"Dada, sema. Baambie basi!"

Na hapo ndipo nilipokosea zaidi, kwa sababu nafasi ya kusema ukweli nilipewa. Nikaliogopea jina langu. Nikapiga kelele: "Nilifanya ya franga ulileta! Maskini, unataka etaje tatu ya nini?"

Mjinga mimi! Mwenye roho chafu! Wakwe waliondoka kabla ya kula.

Neema alipojifungua kule Fizi, mama yake alipanda na nguo za mtoto. Mama mkwe alimwacha amesimama nje ya uzio wa lupango, akamwambia arudi na boksi zake. Alishuka siku hiyo hiyo. Alipita mlangoni pangu nikamsalimia, hakugeuka.

Wateja wamenikimbia, na wamefanya vizuri. Msinipe pole, siitaki.

Wewe unayepika, mtu akikuletea kidogo, mwonyeshe gato ya kidogo chake, ndogo lakini ya unga mpaka chini. Ukishindwa kumvumilia, mfukuze. Mtukane hata, atapata mpishi mwingine. Mimi nilimpokea Mama Neema nikicheka, na mpaka leo hajamshika mjukuu wake.