Karai la Samadi na Ndege wa Bondeni

Nyumbani kwetu, kijijini Daudi, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na nadhani hata padri asingeweza kuifuta: asubuhi, kabla ya chai, anayeshindwa kutaja ndege ndiye anayetoa samadi bandani. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Baba na mimi tulisimama uani tukatazama bondeni. Wa kwanza kumtaja ndege aliyetua au kupita, kwa Kiiraqw, kwa Kiswahili au hata kwa jina la vitabuni, alimpata ndege huyo. Aliyefikisha watano alikwenda kunywa chai. Mwenzake alichukua beleshi na karai.

Nilianza kushindwa nikiwa na miaka saba. Nilishindwa shule ya msingi yote, nikashindwa sekondari, nikashindwa likizo zote za chuo cha ualimu. Nilipoajiriwa kufundisha Masakta, upande wa Hanang, nilikuwa dada mwenye cheti na viatu vya kisigino, lakini kila niliporudi nyumbani likizo, baada ya shikamoo na kuulizana habari za mvua, kesho yake nilikuwa bandani nimekunja sketi nachota mavi ya ng'ombe. Baba alipita na kikombe chake mkononi, akakagua kazi. "Kona ile, mwalimu," alisema. "Umeiruka kona ile."

Sisemi kwamba niliuchukia mchezo. Niliupenda kupita kiasi, na ndiyo maana kushindwa kuliniuma. Baba ndiye aliyenifundisha kwamba mwewe mwenye mkia mwekundu hapendi kuonekana ana haraka, na kwamba kwarara hupiga kelele angani utadhani kaibiwa. Alinifundisha kusimama kimya mpaka uzio mtupu uanze kujaa viumbe: kuzumburu wananing'inia kichwa chini, mbwigu mweusi na mweupe amekaa kwenye nguzo yake akipanga ni panzi gani amchome mwibani leo. Masakta nilikuwa nasahihisha madaftari huku sikio moja liko dirishani, na wanafunzi walijua kwamba mwalimu akinyamaza katikati ya hesabu, kuna ndege.

Mama hakushiriki. Kwake ndege walikuwa wa aina mbili, wanaoliwa na wanaokula mtama. Wakati sisi tunashindana, yeye alikuwa mlangoni pa jikoni akigombana na kuku, na sijawahi kumjua mtu aliyegombana na kuku kama mama. Miaka ya karibuni matusi yake yalikuwa yamekomaa. "Wewe tetea, umenikodolea macho kama mbwigu juu ya nguzo!" Au, "Jogoo gani huyu, shingo nyeupe kama kunguru wa mti mkavu!" Jogoo wetu alikuwa mwekundu kuanzia kichwani hadi mkiani. Niliyasikia hayo kila asubuhi na sikuyafikiria hata kidogo.

Mwaka ule tulipomegwa kutoka Arusha tukawa Mkoa wa Manyara, minadani kulishajaa kila kitu ambacho dunia ilikuwa imekichoka. Soko lilikuwa huria na marundo ya mitumba yalikuwa marefu kuliko wauzaji wake. Nilikuwa nachambua makoti ya baridi, nikatia mkono kwenye mfuko mmoja mzito na kutoa darubini. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo kimoja, na vifuniko vyake vilishapotea. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaitengenezea vifuniko vipya viwili vya mbele kwa ajili ya vumbi, nikavifunga kwa uzi mweusi. Nilikuwa na nia mbaya kabisa, na nilitabasamu safari nzima ya kurudi Daudi.

Jirani yetu wa juu aliponiona nimesimama mpakani na kitu kile usoni alikuja mbio, hakusubiri hata shikamoo yangu. Alitaka kujua kama barabara ya mkoa mpya itapita kwake au kwetu. Nilimwambia natazama kuzumburu. Alinitazama kwa huruma aliyonayo mtu kwa mwongo asiyejua kazi, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapanda mikonge mipya ya mpaka, hatua mbili ndani ya shamba letu.

Asubuhi ya kwanza ya likizo nilimshinda baba tano kwa mbili. Niliwaacha ndege wa uani na kwenda ng'ambo ya bonde, kwenye miti ambayo kwa macho matupu ni ukungu wa kijani tu, nikawataja mmoja mmoja kama nasoma mahudhurio ya darasa. Baba alilalamika kwamba huo si mchezo, ni ujambazi. Nilimuuliza sheria inasemaje kuhusu darubini. Sheria ilikuwa kimya. Akachukua beleshi.

Sasa fikiria: mzee wa rika lake, anayekaa benchi la mbele kanisani, anatoka bandani na karai la samadi, huku binti yake amekaa kwenye kigoda anapuliza chai. Wanawake waliokuwa wanaenda kisimani walisimama. Mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Mimi nilisogea mlangoni mwa banda na kikombe changu, nikasema, "Kona ile, baba." Leo nikikumbuka naona aibu, ila siku ile nilifurahi mno.

Siku ya pili nilimshinda tena. Siku ya tatu korongo taji walitua bondeni, kwenye majimaji, na kabla sijafungua mdomo walianza kulia na baba akawataja. Alifurahi kama mtoto. "Nipe hicho kitu chako," alisema, "na mimi nitazame kisasa." Nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua mpaka machoni, akaanza kuhadithia. Wapo wawili, alisema. Lile taji la kichwani ni la dhahabu kweli kweli. Shavu ni jeupe, na shingoni kuna nyama nyekundu inacheza. Mmoja ameinama, anakunywa.

Vifuniko vilikuwa bado mahali pake. Vyote viwili, mpira mweusi, na uzi wangu mweusi.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Baba naye akacheka, akidhani nacheka korongo. Kicheko chake ndicho kilichokata changu. Mtu anayeona, akiwekewa mpira mbele ya macho, husema mbona giza. Baba hakusema, kwa sababu alidhani giza lile ni lake. Nilimpokea darubini taratibu nikasema, "Kweli, baba, anakunywa."

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji, na hakugeuka.

"Umejua leo?" aliuliza.

"Tangu lini, mama?"

"Huu mwaka wa tatu. Kwanza ilikuwa ukungu, sasa anaona kivuli tu. Wiki iliyopita kamsalimia mkonge, tena kakasirika hajaitikiwa."

"Sasa alikuwa ananishindaje?"

Mama akaniangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wanaoniuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni. Mlangoni tetea mmoja alikuwa anaparua majivu. Mama akamnyooshea mwiko na kusema, bila sauti ya ugomvi, "Kama mbwigu juu ya nguzo." Nilikaa chini kwenye gunia la mahindi. Miaka mitatu mama alikuwa anawatukana kuku kwa majina ya ndege, na baba alikuwa anasikiliza na kunishinda, na wao wawili hawakuwahi kuzungumza jambo hilo hata siku moja. Ndege wanaolia alikuwa nao mwenyewe. Wasiolia aliletewa na mama.

"Halafu ukaja na dude lako," alisema mama. "Ndege wa ng'ambo mimi nitawaona wapi?"

Kanisani walikuwa wameshatangaza kwamba madaktari wa macho wangekaa wiki moja hospitalini, mjini Mbulu, na kwamba ukungu wa namna ile ni mtoto wa jicho, unatolewa, watu wanarudi nyumbani wanaona. Wiki hiyo ilikuwa inaanza keshokutwa. Ikipita, hakuna aliyejua wangerudi lini. Jioni nikamwambia baba, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, twende tukapime tu. Alinijibu kwamba macho yake yana umri, hayana ugonjwa, na kwamba hakuna mtu atakayemwingizia kisu mahali ambapo hata vumbi haliruhusiwi. Nilipotaka kuendelea aliniuliza kama nimekuja likizo au nimekuja kumhamisha. Nilimwacha, huku nikiogopa kwamba safari ijayo nikija nitamkuta ananitafuta kwa kupapasa.

Asubuhi yake tulitoka uani kama kawaida. Darubini niliiacha chumbani. Mlangoni pa jikoni kulikuwa kimya. Kuku walizunguka wakishangaa kutotukanwa. Kisha mama akatoka, anafuta mikono kwenye kanga, akaja kusimama katikati yetu.

"Leo nacheza na mimi," alisema.

Baba alicheka. "Wewe? Ndege wa mchuzi au wa mtama?"

"Mbwigu," alisema mama. "Juu ya nguzo ya banda. Mwewe mwenye mkia mwekundu, mti mkavu. Kuzumburu wanne kwenye uzio, nahesabu mmoja."

Sikuwa nimegeuza hata shingo. Kwarara akapita juu akipiga kelele, baba akamdaka kwa haraka ya mtu anayezama. Mama hakujali. Akamtaja mnana aliyekuwa anavuta unyuzi wa jani la mgomba, akamtaja kunguru mwenye shingo nyeupe aliyekuwa nyuma yetu kabisa, juu ya paa la jirani. Tano kwa moja. Mimi nilikuwa na sifuri, mimi mwalimu.

Baba aligeukia upande wa sauti yake. Mwishowe akasema, "Sikujua kwamba unawapenda hivi."

"Na mimi sikujua," alisema mama. "Nilianza kuwatazama kwa sababu yako. Sasa nawapenda. Lakini kila nikimwona mmoja, mbio, nimtangaze kabla mwalimu hajamtaja, halafu natafuta mwingine. Miaka mitatu sijamtazama ndege hata mmoja mpaka akaruka akaenda zake. Nimechoka kuona kwa ajili ya watu wawili, mzee. Nenda wakakutibu, na mimi nitazame wangu."

Akaingia ndani kunywa chai, maana alikuwa ameshinda. Sisi wawili tukaenda bandani. Baba alishika beleshi, mimi karai. Alifanya kazi kwa kupapasa na sikumsaidia, niliogopa nikimsaidia atatupa beleshi aondoke. Kona ilibaki chafu. Nilisubiri ageuze mgongo, nikaisafisha kwa mikono yangu. Tulipokuwa tunamwaga karai la mwisho shambani aliuliza, akitazama upande ambao sipo, "Hao madaktari wanaanza kesho?"

Kule Mbulu walimpasua jicho la kulia. Usiku ule mama na mimi tulilala kwenye mkeka nje ya wodi pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, na sijui mama alilala saa ngapi, maana kila nikiamka nilimkuta amekaa. Asubuhi wakamfungua bandeji, wakamtia dawa, wakatuambia tukae naye kwenye benchi la nje mpaka waite jina lake tena.

Baba alianza na mikono yake, akaigeuza juu chini. Akaangalia viatu vyangu akasema vimekwisha. Kisha akamtazama mama. Alimtazama muda mrefu, mpaka mama akaona haya akavuta kanga kichwani na kuanza kufungafunga vyombo vya uji ambavyo vilishafungwa.

Mbele ya benchi kulikuwa na mishubiri imechanua maua mekundu. Ndege chozi wa kijani mwenye mkia mrefu akaja akatua kwenye ua moja, kimya, bila mlio wowote. Baba alimwona kwanza. Nilimwona akimwona: kidevu kikainuka, mdomo ukafunguka, nikajua jina linakuja, kama lilivyokuja maisha yangu yote.

Akaufunga mdomo. Akageuka kidogo, akamsubiri mama.

Mama aliinua macho, akamwona. Hakumtaja. Chozi alinyonya ua la kwanza, akahamia la pili, akajining'iniza chini ya la tatu, na jua likampiga kifuani akameremeta. Ndani ya wodi waliita jina la baba, wakaita mara ya pili. Hakuitikia. Alikaa amebana midomo, mtu ambaye hakuwahi kumwachia yeyote ndege hata mmoja, akimwachia mama chozi huyu, mpaka akaruka akaenda zake.