Kicheko cha Mama Poda

Mama Poda alikuwa mpambaji katika kituo cha televisheni. Kazi yake ilikuwa kuwapaka watu poda kabla hawajakaa mbele ya kamera, maana taa za studio hazina adabu: humulika jasho la mtu mpaka uso ung'ae kama sufuria mpya.

Siku aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kurekodi kipindi cha sayansi. Kilikuwa kipindi cha mchanganyiko: kidogo nyota, kidogo wadudu, kidogo dawa mpya, kisha mtaalamu anakaribishwa kitini kuhojiwa. Wataalamu wale, pamoja na usomi wao, waliogopa kamera. Mama Poda aliwatuliza kwa utani. "Tulia, baba. Napaka poda tu, sipigi chokaa."

Tatizo lilikuwa kicheko chake. Kilianza kama mluzi puani, kikashuka kifuani, halafu kikalipuka. Kilishaharibu rekodi zaidi ya mara moja, hata mwongozaji wa kipindi, mtu mwema ila mkali kama pilipili, akatoa amri: taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka, Mama Poda awe nje.

"Nakupenda, dada yangu, lakini kicheko chako kinapenya kuta."

"Basi jengeni kuta za maana," alijibu, akabeba mkoba wake wa poda akatoka.

Alijibu kwa mzaha, lakini lilimuuma. Tangu usichana wake mashangazi walimwambia mwanamke hacheki hivyo. Basi akawa anakifuata kipindi akiwa koridoni, sikio mlangoni.

Siku moja alialikwa mtafiti, mama mmoja mrefu na mpole, aeleze kwa nini kicheko huambukiza. Watazamaji wakaketishwa studio, na waigizaji wawili wakaletwa wacheke mbele yao. Waigizaji walicheka wee! Watazamaji wakawakodolea macho kama abiria wa basi lililoharibika.

"Sikio halidanganyiki," mtafiti akasema. "Kicheko cha kuigiza linakitambua. Tungepata mtu wa kucheka kweli..."

"Tunaye," akasema mpiga kamera. "Ila tumemfukuza."

Mwongozaji akakuna kichwa, akaenda kufungua mlango. Mama Poda, aliyekuwa ameuegemea, nusura aanguke ndani.

"Njoo ucheke, dada."

"Heee! Siku zote mnanifukuza, leo mnaniagiza kama chai?"

Lakini alikwenda, akaketi. Taa zikamwangukia usoni, macho yote kwake, na kicheko kikagoma. Jasho likaanza kumtoka. Aliyezoea kuwapaka wengine hakuwa na wa kumpaka yeye. Mwongozaji akamwonea huruma. Akachukua brashi, akaichovya kwenye kopo la poda kama anayekoroga uji, akainama ampake. Wingu la poda likapaa. Akapiga chafya moja kubwa, na alipoinua uso, masharubu yake meusi yalikuwa meupe pe, kama ya babu yake mzaa babu.

Mama Poda akamtazama. Mluzi ukaanza puani.

Kicheko kilipolipuka, bibi mmoja wa mstari wa mbele alishika mbavu. Jirani yake akafuata, kisha mstari mzima, kisha studio nzima. Mtangazaji wa kipindi alijifunika uso kwa karatasi zake. Mpiga kamera alicheka hata picha ikatikisika. Mtafiti akajaribu kusema, "Kama mnavyoona..." lakini machozi yalimzidi, akaketi sakafuni.

Kipindi kiliporushwa, Mama Poda alikitazama nyumbani na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Alijificha nyuma ya mto kwa aibu. Mumewe akauondoa ule mto taratibu.

"Mbona unajificha? Mimi nilikisikia hicho kicheko kabla sijakuona. Nikawaambia wenzangu, huyo anayecheka, awe awaye yote, namwoa."

Watazamaji nao walipiga simu kituoni wakimtaka tena. Mwongozaji, bila maneno mengi, akampa sehemu yake ndani ya kipindi: kuwauliza wataalamu yale yanayowasumbua watu majumbani.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mtu akinitekenya nacheka. Mbona nikijitekenya mwenyewe sicheki?"

Mtaalamu akaeleza kwamba ubongo hujua mapema mkono wako mwenyewe unakwenda wapi, kwa hiyo haushtuki. Mama Poda alikuwa ameshaanza kujitekenya kwapani mbele ya kamera.

"Kweli, wala sicheki!" akasema. Kisha akamgeukia mwongozaji, vidole vikiwa tayari, na mwongozaji akatimua mbio.