Kitufe cha Kulia Kilivyotaka Kuniliza

Watu arobaini na wawili walifika kung'olewa meno siku moja, saa mbili kamili asubuhi.

Kliniki ina kiti kimoja.

Na chanzo ni mimi. Subirini, msinitukane bado.

Mama wa mchumba wangu ni daktari wa meno. Nilikuwa nahangaika anikubali, akaniambia, "Nitengenezee programu ya kuwakumbusha wagonjwa wangu. Nione kama una akili ya kukaa na mwanangu."

Mchumba naye ni fundi wa programu kunizidi. Akanionya: "Tumia zana zilizokuja na kompyuta ya mama yenyewe, vitufe vikae alivyozoea."

"Ya nini? Nina zana moja, naandika mara moja, inakubali mashine zote, sura ileile. Mama atasoma."

"Mama hasomi vitufe. Mkono wake unajua njia."

Nikacheka. Jeuri ya bure.

Kumbe kwenye kompyuta ya mama, miaka yote, "Ghairi" hukaa kulia. Mimi kulia nimeweka "Tuma".

Siku ya kwanza akaandika kwa kujaribu tu: "Njoo kesho saa mbili, tung'oe jino." Programu ikauliza: Tuma kwa wote? Akataka kughairi, akabofya kulia bila kutazama, akaenda zake kunywa chai.

Kesho yake, weee! Foleni mpaka barabarani. Babu mmoja asiye na jino hata moja naye kapanga foleni.

"Nimeitwa," anasema.

Daktari akanipigia. "Njoo hapa. Sasa hivi."

Nilifika mbio, mchumba nimemkuta hapo. Nilitaka kusema kakosea yeye, ila mchumba alinikata jicho, nikameza maneno.

"Kosa langu, mama. Nilipanga vitufe nilivyozoea mimi."

"Rekebisha. Ukiniaibisha tena, usikanyage kwangu."

Siku tatu nikaandika upya kwa zana za mashine yake. "Tuma" kushoto, "Ghairi" kulia. Nikarudi, nikakaa mezani kwake kumwonyesha. Ili kumlainisha, nikaandika ujumbe wa majaribio: "Mama mkwe, nisamehe. Nampenda binti yako kweli."

Tuma kwa wote?

Kwa madaha yangu yote nikabofya kushoto ili nighairi, kama nilivyozoea kwangu.

Ukaenda. Kwa wote arobaini na wawili.

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Simu ya kliniki ikaanza kuita, na majibu yakamiminika.

"Dokta, msamehe."

"Msamehe, lakini asiguse jino langu."

"Ndiye aliyetupangisha foleni? Mwozeshe tu, atayakuta huko ndani."

Daktari aliyasoma moja baada ya jingine. Halafu akacheka mpaka akajibwaga kwenye kiti cha wagonjwa.

"Kumbe na wewe husomi!"

Akafuta machozi. "Haya, waite wazee wenu waje tuongee. Ila wapigie simu. Usiwaandikie."

Mafundi wenzangu, mtu akibofya alivyozoea msimwite mjinga. Kwanza kaeni kwenye kiti chake. Mimi nilikaa, nikatoka na mke.