Begi ya Senge na Maji ya Munyu

Enzi zetu, nyinyi wa rika langu mnajua, mtoto alikuwa anaogopa hata viatu ya mtu mkubwa ikiwa mlangoni. Ukiziona tu, kicheko inakwama kwa shingo.

Mimi nilitolewa kwetu Ndalu miaka ya themanini, nikapelekwa Kitale kwa Senge, dada ya baba yangu, nimshikie mtoto. Baba alikubali juu ya kitu moja: Januari shule ikifunguliwa, Senge ananiingiza darasa la kwanza. Nilikuwa na miaka kumi, mrefu kama mlango, lakini usiku naota nikiandika jina langu.

Senge alikuwa na begi ya ngozi, rangi ya chai ya mkandaa, inanuka vizuri kama duka ya Muhindi. Kanisa, ofisi, matanga, iko kwa mkono. Hata hiyo begi yenyewe ilikuwa na maringo. Jumamosi, imebaki siku mbili shule ifunguliwe, akaiacha kwa meza akaenda soko na mtoto mgongoni. Mimi nabaki napika mandazi. Kuinua karai, ikanichoma, mafuta ikaruka, pwaa! Kwa begi. Doa kubwa kama sahani.

Nikakimbia na begi kwa jirani, Mama Njeri, wale Wakikuyu walinunua shamba huku. Akaangalia, akasema na ile sauti yake ya pua: "Nyamaza, mami. Mwagia unga ya mahindi, irare hapo mpaka kesho, itanyonya mafuta yote. Rakini usiguse na maji!"

Nikamwagia. Lakini kesho? Na Senge anarudi jioni! Atapata begi imejaa unga kama samaki inangoja kukaangwa, aniulize, niseme nini? Kila mbwa ikibweka, nakimbia dirishani. Nikakung'uta unga yote. Nikakumbuka mama yangu: sufuria ikishika mafuta, anasugua na munyu, ile maji tunachuja na jivu ya maganda ya maharagwe, ya kulainisha mboga. Senge pia alikuwa na chupa ya munyu hapo jikoni. Nikachovya kitambaa, nikasugua. Mafuta ikatoka kweli! Nikacheka peke yangu. Kuangalia kitambaa, rangi ya begi yote iko huko. Nikaanika kwa jua ikauke haraka, ikakauka ikawa ngumu kama ngoma, na kiraka nyeupe katikati.

Geti ikalia.

Senge hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishika begi, akainusa, halafu ile sauti yake nzito ya Kibukusu ikatoka polepole: "Nani alikusa pegi yangu?"

"Ni paka, Senge. Ilimwaga mafuta."

"Na hii munyu nasikia? Ni paka ilisugua pia?"

Mkojo ikanitoka.

"Mafuta ningesema ni mafuta," akasema. "Lakini mtoto wa kunidanganya nikimwangalia hivi, siwezi kaa naye."

Jumatatu watoto wa Kitale wakivaa yunifomu, mimi niko juu ya lori ya mahindi narudi Ndalu. Kwetu hakukuwa na pesa ya shule, sikuwahi kaa kwa dawati. Hata leo benki naweka kidole.

Na hawa wa siku hizi? Juzi mjukuu wangu amemwaga soda kwa kiti ya ngozi ya baba yake. Mimi ndiyo nikaanza kutetemeka! Yeye ananiambia, "Shosh, tulia bana, ni doa tu," halafu anaita na mdomo wazi kama mtu anauza nyanya, "Dadi! Nimemwaga soda!" Hana aibu hata kidogo. Nikamcheka, nikamwambia enzi zetu ungekuwa umepanda mti ukalala huko.

Lakini nilienda jikoni nikakaa kidogo peke yangu. Sisi tulikuwa na adabu mingi sana. "Senge, nimemwaga." Maneno mbili tu, na nilikuwa nayo kwa mdomo siku hiyo yote.