Sukari ya Kumwona Susu

Juzi hapa mjini Kabati daktari alinidunga kidole, akatazama kamashine kake, akaniuliza kama kwetu kuna mtu amewahi kuugua sukari. Nikamwambia hapana. Akanieleza vile sukari ikizidi kwa damu inaharibu macho na figo, na miguu inakufa ganzi mpaka mtu akanyage mwiba asisikie. Aliposema mwiba, nikamkumbuka susu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Weee!

Sijui kama umewahi kukaa kijijini kwetu Nuu wakati wa kiangazi, rafiki yangu. Miaka ile ya sabini mto ukikauka tulichimba mchanga, tukateka maji kwa kata polepole hadi debe lijae, kisha punda akabeba. Yalikuwa baridi maji hayo, na matamu. Jioni boma zima lilinukia moshi na isyo, yale mahindi na maharagwe yaliyotokota tangu asubuhi.

Basi kiangazi kimoja susu akaanza kunywa maji kutushinda sisi wote. Anamaliza kata, anaomba nyingine. Alipokojoa nyuma ya ghala, sisimizi walijaa hapo, nasi watoto tukacheka sana. Mama ndiye aliyeteka maji hayo, kwa hivyo alinuna, akamwambia mama mkwe wake apunguze.

Susu akamjibu taratibu, "Kiu yangu haiko kwa koo, mwanangu. Iko kwa mifupa."

Nani angejua ni ugonjwa? Nuu nzima ilikuwa na kiu. Nuu nzima ilikuwa imekonda.

Halafu mwiba ukamwingia kwa mguu. Hakusikia, mpaka mama alipoona damu sakafuni. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kunuka, susu akalala. Hapo akina mama wa kanisa wakaja kumwona, wakiimba toka njiani, kila mmoja na pakiti ya sukari ndani ya leso. Ungeendaje kumwona mgonjwa mikono mitupu? Kwetu sukari ilikuwa ya Krismasi na wageni, kwa hivyo tulimwonea susu wivu kabisa. Mama naye akaacha kununa. Alimpikia chai nzito ya maziwa ya mbuzi, akaikoroga sukari kwa wingi ili apate nguvu, akamshikia kikombe hadi amalize. Susu alimaliza, akaomba maji.

Alikufa kabla ya mvua. Pakiti zilizobaki ndizo tulizopikia chai ya matanga.

Mama aliishi miaka mingi baadaye, na kila akimtaja susu alisema, "Angalau sukari hakukosa." Lilikuwa neno lake la kujifariji. Nashukuru alienda nalo kaburini bila kujua.

Ule mto sasa ni mawe tu, malori yalibeba mchanga wote. Boma limeanguka, na hakuna wa kulijenga. Mimi ninameza dawa, lakini sukari haishuki, na mguu wa kushoto siusikii vizuri. Hapa maji ya mfereji yapo, nakunywa nitakavyo, na hakuna wa kuninunia.

Jana akina mama wa kanisa walikuja kuniona. Niliwasikia wakiimba toka barabarani, na nikajua ni nini kiko ndani ya leso zao. Nilipokea kwa mikono miwili, nikawapikia chai.