Samli ya Tairi la Mbele

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Revelian alimng'oa Kokushubila jino kwa sababu ya ndizi zilizoshika chini ya sufuria. Mwaka wa tatu akamvunja ubavu, na safari hiyo sababu yenyewe hata yeye hakuikumbuka kesho yake. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani hizi ni habari za watu waliopendana.

Revelian Kamugisha alikuwa ametoka vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, ambako alipeleka barua za jeshi kwa pikipiki, matope yakimfika magotini. Aliporudi akapata kazi ya afya Dar es Salaam, na kazi yenyewe ilikuwa kama imetungwa kwa ajili yake. Alizunguka Temeke na Kiwalani mpaka Gongo la Mboto, fimbo mkononi, akifunua mitungi ya maji ya watu. Mtungi akiuona una viluwiluwi vya mbu, aliupiga teke ukapasuka, na mwenye mtungi akilalamika, naye alipata lake. Watu walimwita Bwana Vunja. Walimwamkia kwa adabu, na akishapita wakamlaani yeye na waliomzaa.

Kokushubila alimvumilia kwa sababu moja tu. Revelian alikuwa ameahidi kwamba Krismasi ya mwaka hamsini na moja atampakia kwenye pikipiki yake, waende mpaka Mwanza, wapande meli, wafike Kamachumu kwa mama yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka mitano. Revelian alitaka kijiji kizima kimwone akiingia na chombo kile. Kokushubila alitaka kufika tu. Alijua kuwa siku atakayokanyaga uwanja wa mama yake, hakuna mwanaume wala padri atakayemtoa pale. Hilo hakumwambia mtu, hata kwenye kitubio hakuligusa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, imetengenezwa kabla ya vita kwa ajili ya safari ndefu. Ilikuwa na mikoba miwili ya ngozi ubavuni na kiti kipana nyuma, na Revelian aliinunua kwa Mgiriki wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Injini ilikuwa nzima. Matairi ndiyo yaliyokuwa kipara, hata nyuzi zimeanza kuchungulia. Kwa matairi yale mtu asingemaliza Pugu, seuze Mwanza.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa kumi wakaenda dukani kwa Muhsin bin Aidarus, palepale Temeke. Muhsin aliuza vipuri vya baiskeli, taa, misumari na matairi, mali ya kuja kwa meli mbilimbili tatutatu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kusema maneno machache kwa sauti ndogo. Mbele ya duka, chini ya kibanda cha makuti, alikaa Marijani, fundi wa magurudumu.

"Niwekee mzigo juu nione linavyobonyea," Marijani alisema.

"Panda," Revelian akamwambia mkewe.

Kokushubila akapanda kiti cha nyuma, akapakatishwa mfuko wa misumari, akakaa vile huku Marijani amelala chini akipima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya chuma cha gurudumu na ardhi. Hakuona vibaya kuitwa mzigo. Mzigo hufikishwa.

Muhsin akaleta matairi matatu. Moja lilikuwa na mistari iliyonyooka kulizunguka, na mawili yalikuwa na kashata za mraba, nene, kama kashata zenyewe zilivyokatwa kwenye sinia.

"Haya ya kashata, mbele na nyuma," Revelian alisema. "Mie nimepita Bama na haya."

"Bama ulikuwa na chombo cha Serikali, bwana. Kikichakaa unapewa kingine," Muhsin alijibu. "Nyuma sawa, weka la kashata, ndilo linalosukuma. Mbele weka la mistari. Tairi la mbele kazi yake ni kushika njia. Ukiweka la kashata litakuyumbisha kwenye changarawe, na huyu bibi yuko nyuma yako."

Revelian akamkamata kanzu kifuani, akamvuta mpaka pua zikakaribiana. "Unanifundisha mie pikipiki?"

Muhsin hakuinua mkono wala hakutukana. Kokushubila, mfuko mapajani, alijikuta anamwombea Mwarabu wa watu kwa Bikira Maria. Mwisho Revelian akamwachia, akalichukua lile la mistari kwa hasira, akalikunja ubavu kutafuta nyufa, akalikwangua kwa ukucha, akalinusa. Kila alipotafuta kasoro hakuiona. Hakusema kuwa Muhsin amesema kweli. Alisema, "Funga," akatema mate nje ya mlango.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Khairiya, mke wa Muhsin. "Mwanangu, mwanamke haachwi akasimama dukani na wanaume. Pita ndani."

Ndiyo desturi ya nyumba zile, na mgeni hakatai. Kokushubila akaamkia, akakaa mkekani, akapewa kahawa na kipande cha halua. Nje aliwasikia wanaume wakiendelea kuzungumza, sauti ya Muhsin ikieleza jambo, ya Revelian ikikata, lakini maneno yenyewe hayakuvuka pazia. Alipoinua kikombe, mtandio ukateleza, na alama ya kijani ya kipigo juu ya kiwiko ikaonekana. Khairiya aliitazama mpaka kahawa ikaisha.

"Mlango wetu wa uani haukomewi," alisema. "Sikuulizi kitu, mwanangu. Nakuonyesha mlango tu."

Revelian hakutaka matairi mapya yaliwe na barabara za mjini. Aliinyanyua pikipiki akaiweka juu ya magogo mawili katika chumba cha nyuma, akawa anakwenda kazini kwa baiskeli, miezi miwili kasoro. Siku moja, akila, alimwambia mkewe jambo ambalo kwake lilikuwa maneno mengi.

"Mpira ukikauka hupasuka. Ukipasuka wa mbele tukiwa Dodoma, sie wawili ni chakula cha fisi."

Hakuongeza neno. Kokushubila akalala nalo, akaamka nalo. Kwao Kamachumu kitu kinachokauka hupakwa samli, na hilo halina mjadala. Ngozi ya kulalia ilipakwa samli, ngoma ya ukoo ilipakwa samli, hata mikanda ya baba yake ilipakwa ikadumu kuliko baba mwenyewe. Na samli alikuwa nayo. Sesilia, mke wa mwalimu wa nyumba ya pili, alikuwa ameileta kutoka likizo, kibuyu kizima kilichotumwa na mama yake Kokushubila kutoka Kamachumu.

Hakuitia kwenye chakula hata kijiko. Kila asubuhi, mume akishaondoka, alichuchumaa mbele ya pikipiki akalipaka lile la mbele, polepole, akishindilia kwa kidole gumba pale mpira unapokutana na chuma, maana ndipo nyufa huanzia. Kisha alilifuta kwa kitambaa mpaka likang'aa. Alilifanyia mambo ambayo kwa miaka mitano hakumfanyia binadamu. Wakati mwingine alilisemesha Kihaya, akalitajia vituo: Morogoro, Dodoma, Shinyanga, Mwanza.

"Ona mpira unavyong'aa," Revelian alisema jioni moja, amesimama mlangoni. "Angeniuzia kibovu ningemvunja."

Siku tatu kabla ya safari, adhuhuri ya jua kali, Revelian aliishusha pikipiki kwenye magogo akaenda kuijaribu hadi Gongo la Mboto. Kwenda alikwenda vizuri. Kurudi, kwenye mteremko wa Kiwalani, alikaza breki kumkwepa mbuzi, na tairi la mbele likateleza ndani ya chuma chake, likang'oa kichwa cha mpira wa ndani, kile cha kujazia upepo, likatoka zima. Revelian alirushwa. Aliacha ngozi ya shavu barabarani, na mfupa wa bega ukachomoza chini ya shati. Mtu mwingine angelala palepale akingoja msaada. Yeye alilivaa lile tairi kwenye bega lililo zima, akachukua pau ya chuma ya kung'olea matairi kwenye mkoba, akaenda kwa miguu mpaka Temeke, damu ikimchuruzika hadi kwenye soksi.

Kokushubila alikuwa anaanika nguo Sesilia alipokuja mbio.

"Koku, mumeo yuko dukani kwa Muhsin. Anaua mtu."

Alipofika, mkono wa kulia wa Muhsin ulikuwa tayari umevunjika. Mwarabu wa watu alikuwa chini kati ya misumari iliyomwagika, kofia imetoka, mdomo umepasuka, na Revelian amesimama juu yake na ile pau. Kila alipopiga alisema neno moja: "Mpira. Umeoza. Mwizi." Marijani alijaribu kumshika, akapigwa kiwiko cha pua akaanguka juu ya ndoo. Mlangoni watu walikuwa wamejaa, na penye wengi pana mengi. Wapo waliovunjiwa mitungi na huyuhuyu Bwana Vunja, lakini waliposikia ameuziwa mali mbovu, wote wakawa ndugu zake. Jiwe likapasua taa za dukani. Kijana mmoja akavuta debe la mafuta ya taa karibu na pazia, akauliza kiberiti kiko kwa nani.

Tairi lilikuwa limetupwa miguuni mwa Kokushubila. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza, harufu ya nyumba ya mama yake. Akainama, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kingo zake zilikuwa zimevimba, laini kama ndizi iliyopitiliza, na alama ya kidole ikabaki palepale.

Akaelewa. Angenyamaza, Revelian angechukua tairi jingine rafuni kwa nguvu, na Jumanne wangeondoka, na kabla ya Krismasi angekuwa kwa mama. Alichotakiwa ni kufunga mdomo tu, na kufunga mdomo alikuwa amezoea. Lakini nyuma ya lile pazia alikuwamo mwanamke aliyempa halua, na kiberiti kilikuwa kinapitishwa mkono kwa mkono.

"Ni mie," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akalinyanyua tairi juu ya kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa nguvu zaidi, akimwita mumewe kwa heshima ya Kihaya. "Ni mie, Ta Revelian. Nililipaka samli. Kila siku, tangu lifungwe. Niliogopa litakauka."

Kelele zikashuka. Muhsin, shavu lake sakafuni, akasema kwa shida, "Nilimwambia. Mafuta ya aina yoyote yasiguse mpira. Nikamwambia akakuonye na wewe nyumbani."

"Mie nilikuwepo," Marijani akasema, amejishika pua. "Alimwambia mara mbili. Akajibu kwamba mke hafundishwi mambo ya pikipiki."

Mtu mmoja mlangoni akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, lakini Revelian alikisikia. Akageuka polepole, akamwona mkewe amesimama na lile tairi juu ya kichwa kama mwanamke anayejiwekea ngata, na uso wake, ule upande uliobaki na ngozi, ukawa hauna kitu.

Pau ya kwanza ilivunja kifundo cha mkono wa kushoto. Ya pili ilimpata begani akapiga magoti. Alijua zinakuja tangu alipofungua mdomo, na bado ziliuma kupita alivyokuwa amejiandaa. Ya tatu haikufika. Marijani alimrukia Revelian miguuni, na wale wa mlangoni, waliokuwa na hasira na sasa hawana wa kummalizia, wakamwona nani amelala chini. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mtungi wangu!" Mwingine akadakia. Mitungi yote ya Temeke ililipwa mchana ule, teke kwa teke, mpaka askari walipofika na kuwatawanya kwa virungu. Revelian aliondoka juu ya mkokoteni. Hakufa, ila mguu haukunyooka tena, na baada ya hospitali akangojwa na jela.

Kokushubila hayo hakuyaona. Mkono ulitoka nyuma ya pazia ukamkamata nguo, ukamvuta ndani, ukampitisha mkekani, ukampitisha jikoni. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

Aliondoka Temeke wiki iliyofuata, kifundo kimefungwa vijiti. Khairiya alikuwa ameuza bangili yake moja na hakutaka jambo hilo litajwe. Muhsin, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alimsindikiza mpaka stesheni, akamtafutia nafasi dirishani, akamwomba msamaha kwa sababu alimwambia mume na si mke. Kokushubila alilia mpaka treni ilipopita Pugu.

Alifika Kamachumu Krismasi imeshapita. Mama yake, mzee sasa, macho yameingia ukungu, alimshikashika uso, akakuta pengo la jino, akashuka mpaka kwenye vijiti vya mkono. Hakuuliza habari za mkono. Wazee wa kule huanza mbali.

"Ile samli niliyomtuma Sesilia," alisema, "ilikufaa?"

"Ilinifaa, Ma," Kokushubila alijibu. "Ndiyo iliyonileta."